CSV kwenye Java: ukataji uachie maktaba, maana ishike mwenyewe

Mtu akikuletea faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo seli zake hutenganishwa kwa koma, na kukuambia liingie kwenye mfumo leo hii, mkono huenda wenyewe kwenye `line.split(",")`. Kwa faili la mfano hufanya kazi vizuri. Shida huja na faili halisi, lile lililojazwa na watu.

Ukiipa `split` mstari `a,b,,` itakurudishia vipande viwili badala ya vinne, kwa sababu Java hutupa vipande vitupu vya mwisho isipokuwa uandike `split(",", -1)`. Ukiongeza hiyo `-1`, bado kuna seli yenye koma ndani yake, iliyozungushiwa alama za kunukuu. Nayo ukiishughulikia, inakuja seli yenye alama ya kunukuu ndani ya alama za kunukuu. Mwisho kuna ile inayowashinda wengi: seli ya maelezo ambayo mtu alibonyeza Enter katikati. Hapo rekodi moja imekaa kwenye mistari miwili au mitatu, kwa hiyo hata `Files.lines`, inayosoma mstari mmoja mmoja, haikusaidii tena. Rekodi ya CSV na mstari wa faili ni vitu viwili tofauti, na msimbo wowote unaovichukulia kuwa kimoja utavunjika tu.

Kanuni za haya yote ziliandikwa Oktoba 2005 katika waraka wa RFC 4180: seli yenye koma, mstari mpya au alama ya kunukuu huzungushiwa alama za kunukuu, na alama ya ndani huandikwa mara mbili. Ila waraka wenyewe ni wa kutoa taarifa, si sheria, na ulikuja wakati CSV imeshazoeleka kwa miaka mingi. Kwa hiyo kila programu ina tabia zake. Excel, kwa mfano, hutumia nukta mkato badala ya koma pale ambapo mipangilio ya kompyuta inataka koma iwe alama ya desimali. Faili bado linaitwa .csv.

Kwa hiyo chukua maktaba. Mimi huanza na Apache Commons CSV karibu kila mara: ni ndogo, haikulazimishi kuunda klasi, na mipangilio yake inasomeka. OpenCSV ni nzuri ukitaka safu ziingie moja kwa moja kwenye klasi yako kwa `@CsvBindByName`. Kama mradi tayari unatumia Jackson kwa JSON, sehemu yake ya CSV itakuwa rahisi kuizoea. Mafaili yakiwa makubwa na kasi ndiyo hoja, tazama FastCSV au univocity. Usitumie wiki nzima kuchagua; zote hizi zinajua kukata.

Kusoma kwa Commons CSV huwa hivi:

```java
CSVFormat muundo = CSVFormat.RFC4180.builder()
        .setHeader()
        .setSkipHeaderRecord(true)
        .build();

try (Reader r = Files.newBufferedReader(njia, StandardCharsets.UTF_8);
     CSVParser kisomaji = CSVParser.parse(r, muundo)) {
    for (CSVRecord rekodi : kisomaji) {
        String jina = rekodi.get("jina");
        String simu = rekodi.get("simu");
        // ...
    }
}
```

`setHeader()` ikiwa tupu inamaanisha vichwa vya safu visomwe kutoka rekodi ya kwanza. Matoleo ya karibuni yanapendelea `get()` mahali pa `build()`. Na tafadhali, ita safu kwa jina lake, si kwa namba. Siku aliyetengeneza faili akiongeza safu katikati, `rekodi.get(3)` itaendelea kukupa kitu bila kulalamika, na kitu hicho kitakuwa si chako.

Kuna jambo moja kwenye msimbo huo ambalo watu hulipita: `StandardCharsets.UTF_8` imetajwa waziwazi. Kabla ya Java 18, iliyotoka 2022, klasi kama `FileReader` zilichukua usimbaji wa herufi (namna herufi zinavyoandikwa kama baiti) kutoka mfumo wa uendeshaji, hivyo programu ileile ilisoma majina sawasawa kwenye kompyuta moja na kuyaharibu kwenye nyingine. Tangu Java 18 chaguo-msingi ni UTF-8. Bado mimi huutaja, kwa sababu sitaki anayesoma msimbo wangu alazimike kukumbuka unaendeshwa kwenye toleo gani.

Na kuna tofauti ndogo yenye uzito. `Files.newBufferedReader` ikikutana na baiti zisizo UTF-8 halali hukataa na kutupa `MalformedInputException`. `new InputStreamReader(in, StandardCharsets.UTF_8)` haisemi neno: huweka alama ya kuulizia kwenye almasi nyeusi mahali pa herufi, na kazi inaendelea. Mimi huchagua inayopiga kelele. Jina likishaingia kwenye hifadhidata na alama hiyo, herufi ya asili imepotea, na hakuna wa kuirudisha ila mwenye jina.

Halafu kuna BOM, alama ya kutambulisha usimbaji, zile baiti tatu EF BB BF ambazo Excel huziweka mwanzoni unapohifadhi faili kama CSV ya UTF-8. Java haiziondoi. Matokeo yake, kichwa cha safu ya kwanza kinakuwa `jina` lenye herufi isiyoonekana mbele yake. Unaita `rekodi.get("jina")`, unapata `IllegalArgumentException` kwamba safu hiyo haipo, unachapisha orodha ya vichwa, na `jina` liko pale linakutazama. Dawa ni `BOMInputStream` ya Commons IO, na ukiitumia usisahau ule ukali wa usimbaji:

```java
Reader r = new InputStreamReader(bila_bom,
        StandardCharsets.UTF_8.newDecoder());
```

Hiyo `newDecoder()` ndiyo inayofanya baiti mbovu zitupe hitilafu badala ya kufichwa.

Hadi hapa maktaba imekupa maandishi, na maandishi tu. Kazi yake imeisha. Kila kitu kuhusu maana ni chako, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Namba ya simu si namba. Ni maandishi yenye tarakimu. Ukiigeuza kuwa `long`, sifuri ya mbele imeondoka. Fedha ziende kwenye `BigDecimal`, zisiguse `double` hata njiani. Tarehe isomwe kwa `LocalDate.parse` pamoja na muundo uliokubaliana na mtoa faili, maana 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi na hakuna maktaba itakayokubashiria. Na seli tupu: CSV haina njia ya kawaida ya kutofautisha "hakuna jibu" na "jibu ni tupu". Amua mapema ipi ni ipi kwa kila safu, kisha iandike kwenye msimbo. `setNullString` inasaidia ikiwa mtoa faili anaandika kitu kama NULL au \N.

Anayedhani haya ni ya kujisumbua bure akumbuke wanasayansi wa jeni. Programu za majedwali zilikuwa zikigeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikatoa mwongozo uliozingatia tatizo hilo: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Ilionekana rahisi kubadili jina la jeni kuliko kubadili tabia ya jedwali.

Rekodi mbovu zitakuwepo, kwa hiyo panga namna ya kuzipokea. Usisimame kwenye kosa la kwanza. Mtumiaji atalirekebisha, atapakia tena, atakutana na la pili, na kufikia la tano atakuwa amekasirika. Kusanya makosa yote, umpe orodha moja. Katika orodha hiyo tofautisha `getRecordNumber()` ya rekodi na `getCurrentLineNumber()` ya kisomaji, kwa sababu ya zile seli za mistari mingi. Anayefungua faili kwenye kihariri anatafuta mstari. `rekodi.isConsistent()` hukuambia kama idadi ya seli inalingana na vichwa. Alama ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa ni ugonjwa wa aina yake: kisomaji kitaendelea kumeza faili hadi mwisho kikitafuta pa kufungia, na hitilafu itatokea mbali na chanzo. Ukiona malalamiko kuhusu mwisho wa faili, angalia ilipoanza rekodi, si ilipoishia.

Kuhusu kumbukumbu sina mengi: pitia rekodi moja moja kama hapo juu, na `getRecords()` iwe ya mafaili madogo tu, kwa kuwa hupakia zote kwa mkupuo.

Kuandika watu hukuchukulia kirahisi, wakaunganisha maandishi kwa `+ "," +`. Ni kosa lilelile la `split`, limegeuzwa upande. Tumia `CSVPrinter` na `printRecord`, alama za kunukuu zitajipanga zenyewe. Andika kwanza kwenye faili la muda ndani ya saraka ileile, kisha lihamishe kwa `Files.move` na `ATOMIC_MOVE`, ili mfumo unaolisubiri usije ukalisoma likiwa nusu. Faili likienda kwa mtu atakayelibofya lifunguke kwenye Excel, anza na `\uFEFF`, ambayo ndiyo BOM. Likienda kwa programu nyingine, liache bila BOM.

Tena, seli inayoanza na `=`, `+`, `-` au `@` inaweza kufasiriwa na jedwali kama fomula. Ikiwa maandishi hayo yalijazwa na mtu usiyemjua, umempa njia ya kuendesha fomula yake kwenye kompyuta ya mhasibu. OWASP, shirika la usalama wa programu, wanaliandika kama shambulio linalojulikana. Kuweka apostrofi mbele hupunguza hatari, lakini hubadilisha data, na namba hasi nazo huanza na `-`. Fanya hivyo kwa mafaili ya kutazamwa na watu tu, na kwa safu za maandishi tu.

Watumiaji wa OpenCSV wawe na hadhari moja zaidi. Kisomaji chake cha kawaida huchukua `\` kama alama ya kukwepesha, yaani inayofanya herufi inayofuata isomwe kama maandishi ya kawaida, ilhali mwandishi wake huzidisha alama za kunukuu bila kuigusa `\`. Seli inayoishia na `\`, kama njia ya folda ya Windows, inaandikwa salama na kusomwa vibaya. Jenga kisomaji kwa `CSVReaderBuilder` ukikipa `RFC4180Parser`, na tatizo linaondoka.

Jaribio ninaloliweka kwenye kila mradi wa namna hii ni fupi. Naandika rekodi moja yenye koma, alama ya kunukuu, mstari mpya, nafasi mwanzoni, `\` mwishoni, herufi ñ na seli tupu ya mwisho. Naisoma tena kwa mipangilio ileile inayotumika kazini. Nalinganisha kwa `equals`. Likifeli, sigusi kitu kingine hadi nijue ni seli ipi.