Usisaini kitu huko Kasulu! Muhuri wa wakili niliopata kwa dalali ulinilia kiwanja

Mkuu, weka kalamu chini kwanza.

Umeuliza bei ya wakili, tofauti ya muhuri wake na wa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kama unaweza kusaini hukohuko Kasulu halafu dalali auchukue mkataba Kigoma mjini "ukagongwe", usipoteze nauli. Hilo la mwisho limenikoroga tumbo. Nauli hiyohiyo niliiokoa mimi mwaka 2019.

Kiwanja kilikuwa Gungu, hapa Kigoma mjini, na kibanda cha tofali mbichi ndani yake. Milioni nne na nusu, hela ya mawese ya miaka mitatu. Dalali akanambia, "Kaka, wakili ni mtu wangu, yule anagonga tu." Anagonga tu! Kama vile wakili ni fundi bati. Tukasaini mimi na muuzaji tarehe 13, juu ya kreti la soda, dalali akaondoka na karatasi. Kesho yake jioni zikarudi na muhuri wa bluu, duara safi kabisa. Nikazilamineti. Ndiyo, nililamineti, chekeni tu.

Miezi minane baadaye nashusha mawe ya msingi, akatokea mama na watoto watatu. Mke wa muuzaji. Kile kibanda ndicho walichokuwa wanaishi, yeye alikwenda kwao kujifungua tu. Hakuambiwa lolote. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tukaishia Baraza la Ardhi na Nyumba, kule kesi za viwanja zinakosikilizwa.

Pale ndipo nilipovuliwa nguo. Mkataba umeandikwa tumesaini "mbele yangu, Kigoma, tarehe 14". Tarehe 14 muuzaji alikuwa msibani Uvinza, ukoo mzima ulimwona. Wakili mwenye jina lile akaja, akanitazama kama mtu anayetazama mgebuka uliooza, akasema hanijui, saini si yake, na muhuri ule umechongwa. Dalali? Simu haipatikani hadi leo. Muuzaji hela alishazila. Huyo dalali nikikutana naye Kibirizi, mtanisamehe jamani.

Mtu aliyenipoteza zaidi ni yule kijana wa steshenari aliyetuchapia mkataba. Nilimuuliza kabisa kama lazima twende wote kwa wakili. Akajibu, "Muhuri ni muhuri, bro." Siyo! Muhuri hausemi kiwanja ni cha nani, wala hausemi yaliyoandikwa mle ni kweli. Unasema hivi: hawa watu walikuja, nikaona vitambulisho vyao, wakasaini nikiwatazama. Kama hamkwenda, hata muhuri halali kabisa umesema uongo, na upande wa pili wakipata mwanasheria mwenye macho wanaupasua palepale.

Halafu wakili anayejua kazi, mkikaa mbele yake, anamuuliza muuzaji: una mke? Yuko wapi? Aje asaini ridhaa. Kwa swali hilo moja ningepanda treni hadi Tabora na kurudi, tena daraja la tatu.

Kiapo nacho ni vilevile, kile cha majina yasiyofanana kwenye cheti na kitambulisho cha NIDA. Unaapa na kusaini mbele ya Kamishna wa Viapo, ambaye mara nyingi ni wakili huyohuyo, na jina lake, mahali na tarehe vinaandikwa hapo chini. Usikubali mtu akuachie nafasi ya tarehe "tutajaza". Kopi za vyeti za kuombea kazi ndizo nyepesi: wakili anashika cheti halisi na kopi, analinganisha, anagonga.

Mtendaji muulize historia ya eneo na majirani, atakusaidia. Uwakili si kazi yake.

Kabla hujaenda, ingiza jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yumo na kama leseni yake iko hai. Ni dakika mbili kwenye simu. Mimi niliujua mfumo huo nikiwa nimekaa benchi la Baraza nasubiri kuitwa.

Kwa hiyo panda gari uje, na muuzaji aje, na mkewe aje, kalamu mkaishikie mezani kwa wakili. Dalali akisema haina haja, mwambie kuna mzee mmoja Gungu ana mkataba wa laminesheni, mke wake anautumia kupepelea mkaa.