Kwa nyie mnaoanza kuendesha seva za jumuiya: domeni ni ya nani, hela iko wapi

Wadogo zangu, nimeona tena. Kikundi kipya cha programu huria, vijana wazuri kabisa, wana seva ya Matrix ya kuchati, wana wiki, wana hata nakala ya Debian (mfumo huria wa kompyuta) watu wa karibu wanashusha hapo, halafu domeni, yaani anwani yao ya mtandaoni, imesajiliwa kwa jimeili ya jamaa mmoja, michango ya seva inaingia M-Pesa yake binafsi, na paswedi ya ruti, ile ya kutawala seva nzima, anayo yeye. Nikauliza, akiumwa je? Wakanijibu "sisi tunaaminiana". Najua mnaaminiana, ndo maana naandika sasa hivi kabla hamjagombana.

1. Akaunti ya domeni iwe na watu zaidi ya mmoja. Wale wa CentOS, mfumo huria uliotumika kwenye seva nyingi, waliionja hii Julai 2009, mwenzao aliyeshika centos.org pamoja na hela za michango akawa hapatikani, ikabidi wamwandikie barua ya wazi dunia nzima ikisoma. Baada ya siku chache wakakaa naye wakayamaliza, lakini fikirieni ni seva ngapi za makampuni zilikuwa zinasubiri watu wachache wapatane.

2. Ulizeni nani anamiliki, kujua nani anaendesha haitoshi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii bado inauma.

Tuliokuwa tunashinda Freenode, mtandao wa kuchati (IRC) wa miradi ya programu huria, tuliwajua mastafu, yaani waendeshaji, kwa nick zao (majina ya kuchatia), ukivamiwa na spamu kwenye chaneli unamgonga mmoja anakuja hata saa nane usiku, na hiyo ikatutosha, nani angeuliza mambo ya karatasi? Seva zilitolewa na wafadhili, kazi ilifanywa na mavolontia. Kumbe kulikuwa na kampuni ndogo, freenode ltd, na mwaka 2017 ikahamia kwa Andrew Lee, mwanzilishi wa kampuni ya VPN ya Private Internet Access. Mastafu walikuja kusema waliambiwa kampuni ile ni ya kuandaa mkutano tu, mtandao wenyewe hauguswi, na masharti ya mauzo hawakuonyeshwa. Miaka ikapita, kila kitu kinafanya kazi, hakuna aliyehangaika.

Mei 2021 ndo likaja swali la mtandao ni wa nani. Lee akasema ni wake, mastafu wakasema ni wa jumuiya, na karatasi za kampuni zilikuwa upande mmoja, kazi yote iko upande mwingine. Mastafu wakajiuzulu kwa mkupuo, tarehe 19 Mei wakafungua mtandao wao mpya, Libera Chat. Wiki iliyofuata chaneli mamia zilizotaja Libera kwenye mada zao zikachukuliwa na uongozi mpya. Juni wakabadilisha programu ya seva, na usajili wote wa nick na chaneli ukabaki kwenye mfumo wa zamani, yaani watu wenye jina la miaka na miaka wanaingia wanakuta hawajulikani. Miradi mikubwa kama Ubuntu, Gentoo na Wikimedia, yote ikahamia Libera. Na jamani hapo hakuna aliyedukuliwa, hakuna diski iliyokufa, bakapu zilikuwepo!

Libera wao wakajisajili Sweden kama chama kisicho cha faida, mastafu wenyewe ndo wanachama, wanapiga kura, katiba inasomeka na yeyote. Kazi ya jioni chache tu, ila ifanyike mapema wakati bado mnacheka pamoja. Mama zenu wa vikoba hili wanalijua vizuri mno: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna anayenuna kwamba haaminiwi. Fanyeni hivyohivyo kwa domeni, kwa ruti na kwa bakapu.

3. Hela isikae kwa mtu. Debian wanashikiwa zao na SPI, shirika lililosajiliwa New York mwaka 1997, na kiongozi wa mradi anayeidhinisha matumizi anachaguliwa upya kila mwaka. Nyie bado wadogo, anzeni na akaunti ya kikundi yenye wasaini watatu na tangazeni mapato na matumizi kila mwezi, hata kama ni mistari minne. Na msilale hata mkipata shirika la kuwashikia: Februari 2024 Open Collective Foundation ya Marekani , iliyokuwa inashikia vikundi hela zao, ilitangaza inafunga, mamia ya vikundi vikaanza kutafuta pa kuhamia.

4. Seva inalipiwa kila mwezi, mtu anasahaulika. OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano, ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya intaneti huku michango ya moja kwa moja ikiwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Heartbleed, kasoro kubwa ya usalama ndani yake, ilipotangazwa Aprili 2014 ndo dunia ikashtuka, na hata hapo kwenye wiki ile michango iliyoingia ilikuwa dola 9,000 hivi. Makampuni makubwa yalikuja kuchangishana baadaye, moto ukishawaka.

Mtu akichoka anampa funguo yeyote anayejitolea kusaidia. Xz, programu huria ya kubana mafaili, ilikuwa na mentena (mtunzaji) mmoja aliyeelemewa, akaja msaidizi anayejiita Jia Tan, mchapakazi, mpole, zaidi ya miaka miwili anajenga imani, halafu akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, ndo ikagundulika. Nusu sekunde jamani.

Kwa hiyo hela ikibaki baada ya kulipia seva, mpeni yule anayeamka usiku ikianguka, hata kama ni ya bando, na mtafutieni mwenzake wa kupokezana naye. Katiba mkiiandika nileteeni rasimu kabla hamjaipitisha, nitaisoma usiku huohuo.