Maswali ya Wasomaji: James Stewart, Mwigizaji Aliyerusha Ndege za Mabomu

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu majumba ya sinema ya zamani hapa Dar es Salaam, yakiwemo Empire, Empress na Avalon, na ndani yake tulimtaja mwigizaji wa Marekani James Stewart kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua nne, tukazifupisha.

*Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, aliyepigana Burma, na baada ya kurudi alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema. Kila alipomwona James Stewart alisema, "Huyu ni askari mwenzangu," nasi wajukuu tulicheka tukidhani anachanganya mtu na igizo. Je, mwigizaji huyu alipigana kweli, au alivalishwa sare ili apigwe picha za kuwavutia vijana jeshini?*
Msomaji wa Magomeni

Ndugu msomaji, babu yako hakuchanganya kitu. Picha za kuwavutia vijana zilikuwepo, na mwaka 1942 jeshi lilimtumia Stewart katika filamu fupi ya kuwaita vijana wajiunge na jeshi la anga, lakini yeye mwenyewe hakutaka mchango wake uishie hapo, na haukuishia hapo.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1908 katika mji mdogo uitwao Indiana, jimbo la Pennsylvania, ambako baba yake, naye askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa na duka la misumari, nyundo na zana za kila namna. Urubani alijifunza kwa fedha zake mwenyewe, akapata leseni mwaka 1935 na leseni ya juu zaidi, ile ya biashara, mwaka 1938. Marekani ilipoanza kuandikisha wanaume jeshini mwaka 1940, Stewart alipimwa akakataliwa, kwa kuwa alikuwa mrefu kama mnazi na uzito wake haukufika kiwango. Mtu mwingine mwenye kazi yake angeshukuru Mungu na kurudi kwenye kamera. Yeye alijilazimisha kula, akarudi kupimwa, na tarehe 22 Machi 1941 akapokelewa kuwa askari wa kawaida kabisa, ambaye mshahara wake ulikuwa dola 21 kwa mwezi. Tarehe hiyo ina maana yake: hata mwezi mmoja ulikuwa haujatimia tangu akabidhiwe tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, na ilikuwa bado zaidi ya miezi minane kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor na kuiingiza nchi yake vitani. Hakuna aliyemsukuma.

Januari 1942 alipewa cheo cha Luteni Usu, kisha akawekwa kufundisha marubani wengine nyumbani Marekani. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ya heshima, lakini ilielekea kuwa ndiyo atakayoifanya hadi mwisho wa vita, kwa sababu hakuna mkubwa wa jeshi aliyetaka jina lake lihusishwe na kifo cha nyota anayependwa na taifa zima. Stewart aliomba vitani hadi akapelekwa. Mwaka 1943 alikabidhiwa skwadroni ya 703 katika kundi la 445 la ndege za mabomu, na Novemba ya mwaka huo wakatua Tibenham, uwanja wa ndege uliokuwa katikati ya mashamba ya Norfolk, mashariki ya Uingereza.

Ili kuelewa alichokuwa akikifanya huko, ni vizuri kuiangalia ndege yenyewe kwa ndani. B-24 Liberator ilikuwa na injini nne na watu kumi, na haikuwa imezibwa na kujazwa hewa kama ndege za abiria tunazopanda leo pale Kipawa. Ikipaa zaidi ya mita 6,000, kila mmoja alipumua oksijeni kwa barakoa iliyoganda barafu kutokana na pumzi yake mwenyewe, na baridi iliweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, kiasi kwamba aliyevua glavu ili akwamue bunduki aliacha ngozi ya vidole kwenye chuma. Wapiga bunduki wa ubavuni walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi. Mbele, rubani alipigana na usukani mzito kwa saa sita, saba au zaidi, akiibana ndege yake ndani ya safu, kwa sababu usalama wa kila ndege ulitegemea bunduki za jirani zake, na ndege iliyojitenga ndiyo iliyofuatwa kwanza na adui. Kukaa kwenye safu maana yake ni kwenda moja kwa moja juu ya mizinga ya kutungulia ndege bila kukwepa.

Tarehe 20 Februari 1944 Stewart aliongoza ndege hizo kuelekea Brunswick, Ujerumani. Walishambuliwa na ndege za adui, kisha wakapokewa na mizinga, na yeye akaishikilia safu pamoja hadi mabomu yakaachiwa. Kwa siku hiyo alipewa nishani ya Distinguished Flying Cross, na baadaye akaipata mara ya pili. Wafaransa nao walimpa Croix de Guerre. Machi 1944 alihamishiwa kundi la 453 huko Old Buckenham kuwa ofisa wa operesheni, mtu anayepanga safari na kuwaeleza marubani wanakokwenda, ingawa aliendelea kuruka mwenyewe. Kumbukumbu za jeshi zinampa safari 20 za kivita. Machi 1945 alikuwa Kanali, miaka minne tu baada ya kuingia akiwa hana cheo.

Babu yako alikuwa na haki ya kumwita mwenzake, ingawa sidhani kama mwenzake huyo aliwahi kupata habari za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw, huko huko Burma, mwaka 1944 ndani ya matope na mvua isiyokatika mpaka ikaufikia mto Chindwin. Hapa mjini tuna Sanamu ya Askari katika makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, lakini ile ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita ya kwanza. Kama babu aliacha kitabu cha jeshi au barua, vitunzeni.

*Mhariri, shikamoo. Barazani kwetu, tunapokunywa kahawa, kuna mabishano yasiyokwisha. Wapo wanaosema Stewart alikuwa shujaa na John Wayne mwoga aliyekimbia jeshi, na mmoja anaapa kwamba Stewart alikwenda kupiga mabomu hata Vietnam. Tukate vipi shauri hili?*
Msomaji wa Kariakoo

Marahaba. La Vietnam ni jepesi, kwa hiyo tulimalize kwanza. Stewart alibaki katika jeshi la akiba, na Februari 1966 alipanda ndege ya B-52 iliyokwenda kupiga mabomu Vietnam, ila alikuwa mtazamaji, wala si rubani. Alikuwa na miaka 57. Alistaafu jeshi mwaka 1968. Mwaka uliofuata mtoto wa kambo aliyemlea, Ronald, aliuawa katika vita hiyo hiyo akiwa ofisa wa wanamaji. Anayetaka kuitaja Vietnam katika habari za Stewart, naona ataje na hilo.

Kuhusu John Wayne, neno "mwoga" ni kubwa mno. Marekani ilipoingia vitani alikuwa na miaka 34 na watoto wanne, na sheria iliruhusu mtu wa namna hiyo aahirishiwe. Baadaye studio yake iliomba aendelee kuachwa kwa sababu ilimhitaji, naye hakupinga. Alitembelea kambi za Bahari ya Pasifiki kuwaburudisha askari. Kinachowakera wengi ni yale yaliyofuata, kwamba aliyebaki nyumbani ndiye aliyekuja kuwa sura ya askari wa Marekani katika sinema, filamu baada ya filamu, wakati aliyekwenda akicheza wanasheria, wachunga ng'ombe na watu wenye wasiwasi. Sisi huku tunamjua Wayne kwa ukaribu zaidi, maana *Hatari!* ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, na wazee wa huko bado wana hadithi zake. Mwaka 1962, *Hatari!* ilipotoka, wawili hao walikutana katika filamu ya mwongozaji John Ford, *The Man Who Shot Liberty Valance*, ambamo Stewart ndiye anayesifiwa maisha yake yote kwa tendo lililofanywa na Wayne. Ford, ambaye naye alitumika katika jeshi la majini wakati wa vita, bila shaka alijua anachokifanya.

Mimi nadhani mnabishania kitu kisichostahili. Wanaompenda Stewart kwa utumishi wake hawahitaji kumponda mwingine, wala kumwongezea safari ambazo hakuruka. Kinachomtofautisha, kwa maoni yangu, ni alichokifanya baada ya vita: aliporudi Hollywood alikataa studio zisitumie rekodi yake ya kijeshi kutangazia filamu zake. Fikirini faida aliyoikataa. Mwaka 1946 hapakuwa na tangazo zuri zaidi la sinema kuliko Kanali mwenye nishani. Na televisheni ya Uingereza ilipotengeneza mfululizo mkubwa kuhusu vita hiyo katika miaka ya 1970, Stewart alionekana mara moja akisimulia, na maandishi chini ya uso wake yalimtaja kwa jina na cheo cha kamanda wa skwadroni, bila neno hata moja kuhusu sinema.

Msidhani pia kwamba jeshi lilimgawia vyeo kama zawadi za harusi. Mwaka 1957 alipopendekezwa kuwa Brigedia Jenerali, Baraza la Seneti lilimkataa baada ya Seneta Margaret Chase Smith kuhoji kama alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha katika jeshi la akiba. Cheo hicho alikipata mwaka 1959. Hilo barazani kwenu halijatajwa, nina hakika.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia. Ndege alizorusha mwigizaji huyu ziliangusha mabomu juu ya miji yenye wanawake na watoto. Je, ni sawa kumshabikia mtu kwa jambo hilo?*
Msomaji wa Temeke

Mwalimu, hili ndilo swali ambalo mashabiki wengi hulikwepa. Wamarekani waliruka mchana wakilenga viwanda, reli na viwanja vya ndege, na Brunswick ilikuwa na viwanda vya ndege kweli. Lakini majira ya baridi ya Ulaya ni ya mawingu, na mara nyingi shabaha haikuonekana. Hapo mabomu yaliachiwa kwa kufuata rada, na rada ya wakati ule iliuona mji, haikukiona kiwanda. Mpaka vita inakwisha, raia wa Ujerumani waliokufa kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani walikuwa mamia ya maelfu. Upande wa pili, jeshi la anga la nane la Marekani, lile alilotumikia Stewart, lilipoteza watu zaidi ya 26,000. Ofisa wa operesheni ndiye aliyewapanga asubuhi na kuhesabu jioni waliorudi.

Sioni namna ya kuyafuta mahesabu hayo kwa kusema kwamba adui alikuwa Hitler, ingawa adui alikuwa Hitler kweli na vita ile haikuwa ya hiari kwa mtu aliyeuona ufashisti ulivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba Stewart mwenyewe hakuishi kama mtu aliyefurahia. Alirudi mwaka 1945 akiwa amekonda na kuzeeka kuliko umri wake. Filamu yake ya kwanza baada ya vita, *It's a Wonderful Life* ya Frank Capra, ina mahali ambapo mhusika wake, mtu wa kawaida aliyezidiwa na deni na aibu, amekaa kwenye baa akimwomba Mungu amwonyeshe njia huku mikono yake ikitetemeka mdomoni na machozi yakimtoka. Wapo watazamaji wanaosema pale analia rubani, haigizi. Hiyo ni tafsiri yao, na mimi siithibitishi. Lakini mlinganishe kijana mwenye haya wa filamu za kabla ya 1941 na watu aliowacheza katika miaka ya 1950 kwa waongozaji Anthony Mann na Alfred Hitchcock, watu wenye hasira iliyofungiwa ndani na usingizi wa mang'amung'amu, na utakubali kwamba kuna kitu kilibadilika. Wanafunzi wako wanaweza kumheshimu kwa kwenda alikoweza kukwepa kwenda, na katika kipindi hicho hicho wakajifunza kilichotokea chini ya ndege. Sioni kwa nini la kwanza lilifute la pili.

*Mhariri, mimi ni mzee, nilimwona Stewart kwenye ile skrini kubwa ya Drive-In, Msasani. Je, aliwahi kucheza filamu huku kwetu kama wenzake?*
Msomaji wa Upanga

Shikamoo, mzee wetu. Hapana, hatukumpata katika filamu yoyote iliyopigwa kwetu. Tulimpata mwenzake Clark Gable, ambaye naye aliingia jeshi la anga, mwaka 1942 baada ya mkewe Carole Lombard kufa katika ajali ya ndege, akaruka safari tano za kivita kutoka Polebrook, Uingereza. Miaka kumi baadaye alikuwa Afrika Mashariki akicheza *Mogambo*, ambayo sehemu zake zilipigwa kando ya mto Kagera. Kwa upande wa Stewart, aliyekuja karibu nasi ni mmoja wa binti zake mapacha, Kelly, aliyekuwa mwanasayansi na kufanya utafiti wa sokwe wa milimani huko Karisoke, Rwanda, katika miaka ya 1970. Na ile skrini yako, mzee, kama hujapita upande huo siku nyingi, haipo tena: kiwanja chake ndicho ulipojengwa ubalozi wa Marekani.