Itafutie sauti yako mahali kwanza: kwa binti anayejiandaa kurekodi albamu ya kwanza ya pop-rock

Mdogo wangu, mabinti wanaojiandaa kurekodi albamu yao ya kwanza huniuliza swali lilelile: "Dada, nianze na nini?" Wengi hutarajia nitaje maiki, prodyuza, au picha ya jalada. Mimi huwajibu kwamba waanze kwa kuitafutia sauti yao mahali pa kukaa. Muziki wa pop-rock una kelele, nami naupenda kwa sababu ya kelele hiyohiyo. Lakini magitaa mawili yenye mkwaruzo, besi na dramu vikianza kwa pamoja, sauti ya msichana wa miaka 19 isiyopangiwa mahali humezwa yote. Yangu ilimezwa, na kuitoa mle kulinigharimu wiki nzima ya studio.

Karibu nyimbo zangu zote nilizitunga usiku, nimekaa kitandani na gitaa, nikiimba kwa kunong'ona nisiamshe waliolala. Ukinong'ona, sauti hushuka yenyewe hadi kwenye noti za chini, na huko husikika tamu masikioni mwako mwenyewe. Nikazizoea nyimbo hivyo kwa miezi. Tulipoingia studio, magitaa ya wimbo wa kwanza yalirekodiwa kwenye ufunguo, yaani kimo cha noti, uleule niliotungia, siku mbili nzima, na mpiga gitaa alikuwa amebuni kifungu kinachotegemea nyuzi za chini zikipigwa wazi, bila kushikwa. Kilikuwa kizuri mno. Siku ya tatu nikasimama mbele ya maiki. Ubeti ukaenda vizuri. Kiitikio kilipofika dramu zikapasuka, na mimi nikawa kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Nikaongeza nguvu. Sasa, nguvu kwenye noti za chini haikufanyi usikike, inakuchosha koo tu. Fundi akanipandisha kwa mashine, nikasikika mkubwa lakini bado mbali.

Wimbo ulihitaji kupanda nusu toni 4, yaani hatua nne ndogo kabisa za noti. Ukipanda hivyo, kifungu cha nyuzi wazi hakipigiki tena kwa vidole vilevile. Tulijaribu kubana kapo, kile kibanio cha nyuzi, shingoni mwa gitaa. Kikapigika, lakini ule uzito wa chini uliokuwa ndio uzuri wake ukaondoka. Magitaa yote yakarudiwa upya, kwa kifungu kingine, na sijasahau uso wa yule kijana alipokuwa akifuta kazi yake.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya mtu yeyote kurekodi chochote. Chukua kiitikio cha kila wimbo, simama, weka mdundo wa dramu wenye sauti kubwa, uimbe kwa sauti yako kamili. Anzia pale ulipotungia, kisha panda nusu toni moja moja, mpaka 5 au 6, huku simu ikirekodi. Kuna mahali utasikia sauti imeanza kung'aa bila kusukumwa, kama mtu aliyetoka kivulini. Endelea kupanda mpaka ianze kukaza, halafu rudi nusu toni moja. Irudishe hata kama unaiweza ile ya juu, kwa sababu studio utakiimba kiitikio hicho mara 20 au 30, na mara ya 25 haifanani na ya kwanza. Ubeti ukionekana umepaa kupita kiasi kwa sababu hiyo, badilisha melodia ya ubeti. Wala usiutupe ule mnong'ono wa usiku. Uweke kwenye ubeti, pale ala zinapopungua, ili kiitikio kikija msikilizaji asikie mlango umefunguliwa.

Jambo la pili ni lugha yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijasikia likisemwa vya kutosha. Tunaoimba pop-rock kwa Kiswahili tumekua tukisikiliza nyimbo za Kiingereza, ambazo mistari yake mara nyingi humalizika kwa neno fupi la silabi moja, linalopigwa sawasawa na dramu: pa! Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiimba "nimechoka", silabi ya kukutana na pigo zito ni "cho", na "ka" idondoke baada yake. Binti akilazimisha "ka" ikae juu ya pigo na kuivuta, "nimechokaaa", Mswahili anayesikiliza huhisi kuna kitu kimekwenda kombo hata kama hawezi kukitaja. Kwa hiyo tunga melodia yenye mkia. Iache noti ya mwisho ianguke baada ya pigo, mwambie mpiga dramu aiachie nafasi, na mwambie mpiga gitaa asiikanyage.

Na angalia irabu zinazokaa kwenye noti za juu. "A" na "o" hufungua mdomo. "I" na "u" huubana, na kwenye noti ya juu yenye nguvu husikika nyembamba au hukaza koo. Kiitikio changu kimoja kilimalizikia neno "sirudi", na noti ya juu kuliko zote iliangukia kwenye "ru". Nilihangaika nayo jioni nzima. Kesho yake nikabadilisha neno likawa "nimehama". Noti ni ileile, ila sasa iko kwenye "ha". Ikatoka mara ya pili tu, na nadhani hata maana ilipata nguvu, maana asemaye harudi bado anaangalia nyuma, na aliyehama keshafunga mizigo.

Kuhusu koo, ushauri wa kunywa maji umeusikia. Usichoambiwa ni kwamba maji unayoyameza hayagusi nyuzi za sauti. Yanapita njia ya chakula, na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Glasi unayokunywa sasa itazifikia baada ya mwili kuisambaza, kwa hiyo anza kunywa tangu jana yake. Lala. Usiimbe kwa sauti kamili kwenye mazoezi ambayo hujisikii mwenyewe, kwa sababu mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 2 au 3, nenda kwa daktari wa koo. Usiongojee albamu iishe.

Sauti ya mwongozo, ile inayoimbwa ili wapiga ala wajue walipo, msiidharau. Kwa kawaida huimbwa ovyo kwa sababu wote mnajua itafutwa. Wimbo wangu wa saba niliuimba mwongozo nikiwa nimekaa kwenye kiti, gitaa mkononi, maiki moja, sina wasiwasi na mtu. Baadaye nikaurekodi rasmi kwa siku mbili na sikufika pale tena. Mwongozo ulikuwa na kitu ambacho sikuweza kukirudia, lakini sauti ya gitaa ilikuwa imeingia ndani ya maiki ileile, na haikutenganika vizuri. Tukaupoteza. Tangu hapo, kila mwongozo nauimba kwenye maiki nzuri, chumba cha pembeni, hedifoni masikioni, bila ala mkononi.

Tena, zikishachaguliwa sehemu bora za sauti na kuunganishwa, kaa na fundi wakati anasafisha. Mafundi wengi hukata pumzi zote. Kwenye wimbo mtulivu mmoja alikata ile pumzi ninayovuta kabla ya daraja, sehemu ya wimbo isiyo ubeti wala kiitikio, kabla tu kila kitu hakijalipuka. Mstari ukabaki safi na mfu. Nikamwomba airudishe, hata ikasikika kidogo zaidi ya ilivyokuwa. Watu wameniambia wanaipenda sehemu ile, na hawajui ni pumzi.

Sasa karatasi. Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili: haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na haki ya rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta. Unaweza kuwa na moja ukakosa nyingine. Siku wimbo unapokamilika kutungwa, kabla hamjatawanyika, andikeni nani ametunga nini na kila mmoja ana asilimia ngapi ya utunzi, mtie sahihi wote. Inaonekana ni kukosa imani na wenzako, lakini kinyume chake ndio kweli: watu wakiwa wamefurahi hugawana kwa haki. Mimi niliacha wimbo mmoja bila karatasi. Miaka miwili baadaye, mirabaha ilipoanza kuingia, tulikuwa watatu tunaokumbuka jioni moja kwa namna tatu tofauti, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Na melodia yako ikikukumbusha wimbo wa mtu mwingine, ulizia mapema. Mwimbaji wa Marekani Olivia Rodrigo alitoa albamu yake ya kwanza, Sour, Mei 2021, akiwa na miaka 18: nyimbo 11, chini ya dakika 35, kazi iliyofanyika kwa sehemu kubwa na prodyuza mmoja, Dan Nigro. Miezi michache baada ya kutoka, majina ya Hayley Williams wa bendi ya Paramore na Josh Farro, aliyewahi kuwa mpiga gitaa wake, yaliongezwa kwenye orodha ya watunzi wa mmoja wa nyimbo zake kubwa, baada ya watu kuusikia unafanana na wimbo wao. Albamu ile naipenda, na siandiki haya kumsema. Naandika kwa sababu yeye alikuwa na wanasheria wa kulishughulikia jambo hilo, na wewe huenda huna. Urefu wake pia uuangalie. Binti mwenye nyimbo 18 huniambia zote ni watoto wake. Chagua 10 au 11 zinazosimama, zilizobaki zitunze.

Kwenye miksi, kosa la kila mgeni ni kusema, "Niongezeni sauti." Ukiongezwa, unakuwa umekaa juu ya bendi kama kifuniko, na nguvu ya rock inapotea. Omba magitaa yakupishe. Sehemu inayobeba konsonanti za maneno yako, takribani kati ya hezi 2,000 na 4,000, ndipo mkwaruzo wa gitaa nao hujaa. Fundi akilipunguza gitaa kidogo pale tu unapoimba na kulirudisha ukinyamaza, hakuna atakayegundua, lakini maneno yataeleweka. Kisha sikiliza kwenye spika ya simu, sauti chini kabisa. Maneno yakipotea hapo, miksi haijaisha. Na usibishane na mtu anayetaka rekodi iwe na kelele kuliko zote. Majukwaa ya kusikilizia hulinganisha ukubwa wa sauti yenyewe. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida huileta kila rekodi karibu na hasi 14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiibana rekodi kupita kiasi, unachopata ni muziki uliolala, usiozidi wenzake ukubwa.

Watakaokuambia uweje ni wengi, na wengi wao watakuwa wamekuzidi umri. Ninapowaona mabinti wanaanza kutetemeka kwenye vikao, huwakumbusha habari ya mwimbaji wa Uingereza Kate Bush. Alikuwa na miaka 19, albamu yake ya kwanza iko tayari, na kampuni ilitaka wimbo mwingine, wenye rock zaidi, utangulie. Yeye akasimama na wake, "Wuthering Heights". Mwaka 1978 ukafika namba moja Uingereza, na akawa mwanamke wa kwanza kufika hapo kwa wimbo aliotunga mwenyewe. Si kila anayeshikilia lake hupata hivyo, najua. Lakini angalia alichopigania: wimbo upi usikike kwanza, yaani watu wamjue kwa sauti ipi. Hapo ndipo pa kutumia ukaidi wako. Rangi ya koti kwenye picha, kama haikuudhi, waachie.

Kwenye jambo moja sikubali mjadala. Usiende studio usiku peke yako, miezi ile ya kwanza ambayo hujawajua watu. Nenda na rafiki, dada, au mpiga besi unayemwamini. Prodyuza wa kweli hatokasirika. Mkataba nao usisainiwe siku uliyopewa. Peleka kwa mwanasheria, na kama hujatimiza umri, mzazi au mlezi aukalie mezani pamoja nawe. Anayekuambia nafasi itaondoka kesho asubuhi, mwache aondoke nayo.

Kabla hujapeleka faili kwa msambazaji, hakiki majina ya kila aliyepiga na kutunga, herufi kwa herufi, na hakikisha kila rekodi ina namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Bila hiyo, malipo ya wimbo hukosa mwenyewe.

Halafu fanya zoezi ambalo mimi nililifanya nikiwa nimechelewa. Ziimbe nyimbo zote za albamu kwa mpangilio wake, umesimama, bila kupumzika zaidi ya muda wa kunywa maji, bendi ikipiga. Studio ulikuwa unaimba wimbo mmoja kwa siku. Jukwaani ni zote kwa saa moja. Lifanye kabla ya kurekodi, ukiweza, maana bado unaweza kubadilisha funguo. Kwetu ilikuwa wiki moja kabla ya onyesho la uzinduzi. Wimbo wa sita nikaanza kukauka, wa nane kiitikio hakikutoka. Mpiga besi hakusema neno. Akaanza kulegeza nyuzi zake, nusu toni chini, na wapiga gitaa wawili wakamfuata. Vidole vyao vikabaki palepale, vifungu vyote vilevile, kila kitu kimeshuka kidogo tu. Tukaanza upya kutoka wimbo wa kwanza, na nikafika wa 11 nikiwa bado na sauti.