Dawa ni bure, nauli je?

Kwenye droo ya cherehani yangu kuna kaunta buku lililochakaa. Mbele nimeandika vipimo vya wateja: bega, kiuno, urefu wa gauni. Ukiligeuza ukaanza kulisoma kwa nyuma utakuta tarehe tupu, na kila tarehe ina namba moja, kurasa za mwanzo 1,600. Ni nauli ya mdogo wangu kwenda kunywa methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, na kurudi.

Wiki iliyopita mama mmoja aliyeleta kitenge cha kushona aliniona nikiandika pale nyuma, akauliza. Nikamwambia ukweli. Akavuta kiti, akakaa, kitenge kikabaki mapajani. Wa kwake ana miaka ishirini na minne na masufuria ya nyumbani yameanza kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Akaniuliza kile nilichokuwa nauliza mimi mwaka 2018: "Dada, niandae shilingi ngapi?"

Jibu lilituchukua mpaka adhuhuri. Naliandika hapa kwa sababu najua hapa Dar, Vingunguti peke yake, wapo kina mama wengi wenye swali hilo, na wengi wanauza kitu kwanza ndipo wanauliza. Mdogo wangu ameisoma kabla sijaiweka. Amefuta mistari miwili, nami sikubishana naye.

Mimi niliuza mashine yangu ya ovaloki. Nilisikia kuna nyumba ya kuwatibu waraibu, soba hausi, wanataka laki mbili na nusu kwa mwezi na mgonjwa akae miezi mitatu. Laki saba na nusu, mbali na godoro, ndoo na sabuni. Sitaitaja nyumba hiyo wala siigombezi. Walimlisha, wakamlaza, wakamzoesha kuamka alfajiri na kuongea mbele za watu. Alitoka amenawiri, mama akachinja kuku. Siku ya tisa akarudi kijiweni, akatumia kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani. Walimkuta geto midomo imekuwa ya bluu, vijana wakammwagia maji na kumpiga makofi mpaka akavuta pumzi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba aliyekaa miezi mitatu bila unga, yaani heroini, mwili wake umeshasahau kuubeba. Kipimo kilichokuwa kinamtuliza ndicho kinachoweza kumuua. Kwa hiyo, kama wa kwako ametoka soba hausi, jela au hata kijijini mlikompeleka "akabadili mazingira", zile wiki za mwanzo ndizo za kumkodolea macho. Sisi tulikuwa bado tunashangilia kuku.

Aliyetupa njia ni mwelimishaji rika wa asasi moja inayopita maskani kugawa elimu, naye zamani alikuwa mtumiaji. Alitukuta mimi na mama barazani, akasema, "Mama, dawa ipo hospitali ya serikali, tena hailipiwi." Mama alidhani ni tapeli. Kwa haki yake: tulishapigwa na mganga na duka la mitishamba.

Lakini alisema kweli. Kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na ukiacha visiwa kama Mauritius, ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya umma katika Afrika yote kusini mwa Sahara. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Hawaulizi kadi ya bima na hakuna dirisha la kulipia. Mnywaji anafika kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya mhudumu, anaongea kidogo ili waone amemeza. Dakika tano. Kama hujui uanzie wapi, namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya bure, au mtafute mwelimishaji rika wa eneo lako. Vijana wa kijiweni wanamjua, hata kama watajifanya hawamjui.

Jambo moja nimweleze yule mama na wewe pia: methadoni ni ya watu wa heroini na jamii yake. Haitibu bangi, haitibu pombe, haitibu mirungi. Kama shida ni hizo, mlango wenu ni kitengo cha afya ya akili hospitalini, msipoteze asubuhi kwenye foleni isiyo yenu.

Sasa, wiki mbili za mwanzo. Hapa ndipo watu wengi wanapokimbia, na mimi nilikaribia kumfukuza nyumbani. Dozi ya kwanza ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu methadoni hujikusanya mwilini siku hadi siku, na ukianza na kubwa inaweza kukata pumzi. Wanapandisha taratibu. Maana yake ni kwamba mgonjwa ameshaanza dawa na bado arosto, mateso ya kukosa unga, inamtafuna: mifupa inauma, anapiga miayo, kamasi na machozi vinatoka, tumbo linaendesha, usiku halali. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, hiyo juisi yenu haifanyi kazi." Ilikuwa siku ya nne. Nilikwenda naye kumuona daktari, akaelezwa, akaongezewa. Kufikia wiki ya tatu alilala usingizi wa usiku kucha, nikaamka mara mbili kumsikiliza kama anapumua.

Katika wiki hizo usimpe valiamu ya kumlaza, wala usikubali apooze na konyagi. Vikichanganyika na methadoni vinasimamisha pumzi. Na kama ana kifua kikuu au anatumia dawa za kufubaza virusi, aseme pale pale kliniki. Baadhi ya dawa hizo, hasa rifampisini ya kifua kikuu, huifukuza methadoni mwilini haraka, arosto inarudi na familia inadhani ameanza tena kula unga. Jirani yetu alisingiziwa hivyo mwezi mzima.

Basi, nauli. Kwetu mpaka kliniki ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Alipoanza 2019 kila moja ilikuwa 400, jumla 1,600 kwa siku, 48,000 kwa mwezi. Mei 2022 ikapanda hadi 500, nikaanza kuandika 2,000. Desemba 2023 ikawa 600, kwa hiyo ikafika 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi wa siku thelathini. Dawa haijapanda hata shilingi. Njia ya kuifikia imepanda kwa nusu nzima. Nilipiga hesabu siku moja nikajichukia: pesa ya ovaloki ingemfikisha kliniki miezi kumi na mitano, na chenji.

Ndiyo maana nilimwambia yule mama asiuze kitu. Atenge nauli. Aikate kwanza kabla ya kodi ya meza, kama tunavyokata mchango wa kikoba, kwa sababu siku nauli inapokosekana kijana anapiga hesabu nyingine: kijiwe kiko hatua mia moja, kliniki iko daladala mbili.

Halafu kuna shida ambayo wenye mishahara hawaijui. Huwezi kumkabidhi mtu mwenye arosto 1,600 mkononi saa kumi na mbili asubuhi ukategemea ifike. Mara mbili haikufika. Mama alipendekeza nimsindikize kila siku, lakini nani atashona? Nikapata suluhisho kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati nje ya geti la kliniki. Nilimwachia nauli ya kurudi ya wiki nzima kwenye kopo la kahawa. Mdogo wangu nilikuwa nampa ya kwenda tu. Akishakunywa dawa anapita kwa mama wa chapati, anakunywa chai ya maziwa, anachukua 800 yake, anapanda gari. Nami nampigia huyo mama saa nne: "Kafika?" Ananijibu, "Kafika, na leo kala chapati mbili."

Chai ile ilikuwa na kazi nyingine. Nje ya kliniki, popote palipo na watu wanaojaribu kuacha, muuzaji anapajua. Akinywa dawa aondoke. Asikae kupiga stori ukutani. Mwenye pa kwenda, hata kama ni kwenye benchi la chapati, ana afadhali.

Masika yalitutesa zaidi. Mto Msimbazi ukifurika sisi wa bondeni hatuna barabara. Mwaka mmoja alikosa siku mbili, ya tatu akatembea kwenye matope mpaka Buguruni, akafika kliniki wameshafunga dirisha. Ukikosa siku kadhaa mfululizo hawakupi dozi yako ya zamani, wanaanza kukushusha na kukupima upya, na wako sahihi, kwa sababu ileile iliyomlaza geto. Lakini kumwelewesha mtu aliyetembea kwenye matope ni kazi. Tangu hapo nina namba ya bodaboda mmoja, mzee mtulivu, na elfu tano ya mvua isiyoguswa. Na ukisafiri, au kuna msiba mkoani, waambie kliniki mapema: kuna vituo mikoa mingine na wanaweza kuandikiana. Waliotulia muda mrefu waulize pia kama wanaweza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Usisubiri utangaziwe.

Kuhusu pesa za serikali nina neno, japo si mtaalamu. Huduma hii tangu mwanzo imesimama kwa sehemu kubwa juu ya msaada wa nje, hasa fedha za Marekani za mapambano dhidi ya ukimwi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa siku 90, kwenye makundi ya WhatsApp zilizagaa sauti kwamba methadoni inaisha Ijumaa. Mdogo wangu hakula siku ile. Alikwenda, akakuta dawa ipo, akanywa. Kama sauti kama hizo zitarudi, muulize mfamasia wa dirishani, si kundi la WhatsApp, na usimruhusu ajipunguzie dozi mwenyewe "ajizoeshe". Ila woga ule ulinifundisha kitu: dawa ya kila siku imefungwa kwenye bajeti ya watu wanaokutana ng'ambo ya bahari. Ningependa iwe kwenye bajeti yetu, iwe na mstari wake, na diwani aulizwe kwa nini kituo cha afya cha kata hakiwezi kuwa na dirisha la kunywea. Nimemuuliza wa kwetu. Alisema atalifuatilia. Nimeandika tarehe.

Na wanawake. Siku nilizokaa pale nikisubiri, nilikuwa nahesabu foleni kwa kuzoea kuhesabu vifungo. Wanawake hawakuwahi kufika watano. Si kwamba hawatumii. Mwenye mtoto mgongoni anaogopa kuonekana kwenye foleni ile kuliko anavyoogopa unga.

Kibarua nacho kinataka mpango. Vibarua vya Dar vinagawiwa alfajiri, saa ambayo mnywaji wa methadoni yuko kwenye daladala. Mdogo wangu alikosa kazi za zege tatu kwa sababu hiyo. Mwishowe nilimpa pasi. Anafika dukani saa tano, ananyoosha nguo zilizoshonwa, anatia vifungo, jioni anapeleka kwa wateja. Analipwa kwa nguo, sio kwa siku, na nauli sasa anajilipia mwenyewe. Lile kopo la kahawa mama wa chapati alinirudishia siku aliponiambia, "Dada, huyu mtu mzima, mwachie hela zake." Kweli nilikuwa nimechelewa, labda kwa mwaka.

Yule mama wa kitenge anakuja Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Buguruni, na kijana wake. Mdogo wangu ndiye atakayewapeleka. Jana alikuwa ananyoosha, akaniuliza kama nimempa huyo mama maelekezo yote. Nikasema yote. Akageuza pasi, akaitemea mate kidogo kuona kama imepata moto.

"Umemwambia asimpe nauli ya kurudi?"