Aliyepunguzwa tumbo akinywa mchuzi mchana wa Ramadhani, swaumu ipo?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa Kirumba, Mwanza. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa ajili ya uzito, na Ramadhani itanikuta nikiwa na mwezi mmoja na kitu tangu nipasuliwe. Daktari kaniambia nisichanganye vinywaji na chakula. Wifi yangu anasema nifunge tu, mchana ninywe maji na mchuzi wa sato, kwani hivyo si chakula. Swaumu itaswihi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Haiswihi, dada yangu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoifuata wengi huku, chochote kinachoingizwa makusudi tumboni kwa njia iliyo wazi, kama mdomo, kinabatilisha swaumu. Kiwe kigumu au majimaji, funda la maji na sahani ya ugali hukumu yake ni moja.

Wifi amechukua mizani ya hospitali akaja kupimia ibada. Daktari anatazama kitu kinavyokaa tumboni: mchuzi uliochujwa unapita upesi, mtori unakawia kidogo, ugali kwa samaki unakaa na kushibisha. Ukiushushia ugali kwa maji, kijitumbo kilichobaki kinajaa kupita kiasi na unaweza kutapika. Ndiyo maana wengi huambiwa wasubiri kama nusu saa baada ya kula ndipo wanywe. Na uji mzito, uhesabiwe kinywaji au chakula? Muulize daktari, sisi masheikh hatuna hadithi ya unene wa uji.

Kilicho kizito zaidi ni kama ufunge kabisa. Kwa sasa tumbo halipokei glasi nzima kwa mara moja, unakunywa kidogo kidogo kutwa. Ukikaa saa 13 hivi bila maji, usiku hautakutosha kuyafidia. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa afunge siku nyingine (al-Baqara, 184). Daktari akikukataza, kula, na usijione mwizi jikoni kwako.

Deni utalilipa utakapopata nguvu, hata siku mojamoja. Fidya ya kibaba cha nafaka kwa kila siku ni ya asiyetarajia kupona, na wewe bado hujafika huko. Siku utakayolipa, usifuturu kwa kujaza tende. Baada ya upasuaji wa namna hii sukari nyingi kwa ghafla huwaletea baadhi ya watu kizunguzungu na kuharisha. Anas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokosa tende alifuturu kwa mafunda ya maji.