Akishapanda ndege KIA kesi haijaisha

Mkuu umeuliza mzungu akimfanyia mtoto ubaya wa kingono hapa Moshi halafu akarudi kwao ndo basi? Wengi wamekujibu "imeisha hiyo". Haijaisha, na naomba tuache kuambiana hivyo maana mimi niliamini hivyohivyo nikanyamaza.

Nilikua dereva wa mavolontia, nawapeleka kwenye kituo kimoja cha watoto. Kulikua na mgeni mmoja mtu mzima, kila jioni anaomba kutoka na mtoto yuleyule, mara kamnunulia viatu mara simu, na msimamizi anatuambia huyo ni mfadhili msimkwaze. Tulipoanza kuulizana akabadilisha tiketi, akaondoka. Mlezi mmoja alitaka kwenda polisi, mimi ndo nikamwambia dada, utamfuata Ulaya kwa nauli gani? Inaniuma mpaka leo.

Kumbe kwao wana sheria inayomfuata raia wao popote. Australia tangu 1994, Uingereza tangu 1997, Marekani tangu 2003, na Marekani kosa moja linaweza kumpeleka mtu jela mpaka miaka 30. Tuangalie hapo Kenya tu: Matthew Durham alikua volontia kwenye kituo Nairobi, alishafika kwao Oklahoma, Marekani, wakamkamata hukohuko, watoto wakasafirishwa kwenda kutoa ushahidi na 2016 akapigwa miaka 40. Simon Harris, Mwingereza aliyekua Gilgil, alihukumiwa kwao Birmingham 2015, miaka 17 na ushee.

Lakini kule hawawezi kuanza na tetesi, ushahidi unatoka huku kwetu. Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, ni raia wa wapi, kaingia lini katoka lini, alilala wapi, meseji msifute hata moja. Mtoto apelekwe dawati la jinsia na watoto pale polisi, apate PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), aende hospitali mapema, na asihojiwe na kila shangazi na jirani, anaumia upya kila akisimulia na maelezo yanachanganyika. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure. Ubalozi wa nchi yake nao waandikieni. Na hii tabia ya familia kupewa hela yakaisha kimyakimya sebuleni haifuti kosa, si kwao wala kwetu.

Yule mlezi nimempigia juzi. Daftari la wageni la mwaka ule analo bado, Jumatatu tunaenda nalo dawati.